Mwaka Ntandu Alipobadilika Sura

Profesa tulimzika Issuna, siku ya upepo mkali, na kabla watu hawajamaliza kunawa mikono wanaume wawili wenye mvi walikuwa wameshaanza kubishana chini ya turubai kuhusu rangi ya mtu ambaye hajawahi kuwepo duniani. Nilikuwa nimekaa upande wa kina mama, sahani ya wali na maharage mapajani, nikamsikia mmoja akisema, "Mimi mpaka leo nasema yule mweusi hakuwa yeye." Mwenzake akamjibu taratibu, "Mwalimu, tuko msibani." "Ndiyo maana nasema. Marehemu mwenyewe angetaka tubishane." Kicheko kilinitoka, nikajifanya nimepaliwa, na mama aliyekaa pembeni yangu akanipigapiga mgongoni kwa huruma. Marehemu aliitwa Idi Mkhandi na aliishia darasa la saba. Uprofesa alipewa na watu wa Ikungi, kwa sababu ya kazi aliyoifanya kwenye kibanda umiza cha karibu na uwanja wa mnada. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya televisheni, akapunguza sauti ya filamu, akashika kipaza sauti, na kuanzia hapo kila aliyefungua mdomo kwenye kioo alizungumza Kiswahili kwa koo la Profesa: wanaume, wanawake, majambazi, watoto, hata mbwa.

Mimi ni mkalimani wa mahakama. Mtu akisimama kizimbani na Kiswahili kikamgomea, anasema kwa Kinyaturu, nami nayasema maneno yake kwa Kiswahili bila kuongeza wala kupunguza. Nimeapa hivyo, na kiapo changu sijawahi kukichezea. Wenzangu wananitania kwamba hata kikohozi cha shahidi mimi nakitafsiri. Wanadhani ukali huu niliupata kwenye semina, na mimi nawaacha wadhani hivyo, maana kueleza kwamba kazi hii nilijifunza kwa kuegemea ukuta wa kibanda umiza, mwaka mmoja nikiwa msichana wa miaka ishirini, ni maelezo marefu ambayo hakuna hakimu angeyavumilia.

Mwaka huo nilikuwa nafundisha chekechea pale Ikungi. Chumba nilichopanga kilikuwa na kitanda, ndoo mbili, jiko la mkaa, na ukuta mmoja wa tofali za udongo ambao upande wake wa pili ndiko kilikokuwa kibanda. Watoto wangu waliondoka saa sita mchana. Saa nane filamu ya kwanza ilianza, na mimi nikiwa nimelala chali, nikingoja jua lipungue makali, nilisikia kila kitu. Filamu zilizopendwa kuliko zote zilikuwa za shujaa mmoja anayegusa ardhi kwa kiganja, mawe yakainuka na kumtii. Jina alilopewa na wenye filamu sikulijua kwa muda mrefu, kwa sababu Profesa alikuwa amembatiza Ntandu. Ntandu wa Issuna. Kwa nini Issuna? Kwa sababu kule kuna mawe, Profesa alisema, na mtu wa kuamrisha mawe lazima awe amekua nayo. Ntandu huyo alikuwa na mama anayeuza vitunguu kando ya barabara ya Dodoma, alikuwa na deni la shukrani kwa mjomba aliyemlipia ada, na kila alipomaliza kuokoa mji mzima alimpigia mama yake simu. Kwa miezi miwili nilimjua kwa sauti tu. Kichwani mwangu alikuwa mtu mweusi tii, mabega mapana, mwenye pengo dogo la meno ya mbele, na nikiri hapa, maana waliohusika wengi wameshakufa, kwamba nilikuwa nimempenda kidogo.

Chakula cha mchana nilikula kwa Mama Zuhura, mama ntilie aliyepika mbele ya mlango wa kibanda. Ugali wake wa uwele ulikuwa mweusi na mzito, mlenda wake ulivutika mpaka ukachoka, na maziwa mgando aliyamimina mwenyewe kwa sababu hakumwamini mteja yeyote na kibuyu. Alikuwa mzaliwa wa Issuna. Ndani ya kibanda hakuwahi kuingia. Alisema hawezi kukaa gizani mchana na watu wasiooga. Lakini Ntandu alimfuatilia kupitia mlangoni, huku akikoroga sufuria, na wateja walipomtania kwamba kijana wa kwao ni hodari, alijibu, "Malezi." Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba yule mama wa vitunguu, pamoja na maneno yake na ukali wake, Profesa alikuwa amemchota hapo hapo mlangoni.

Siku nilipoingia kibandani kwa mara ya kwanza, nikalipa kiingilio na kukaa kwenye benchi, nilishtuka. Ntandu alikuwa Mzungu. Nywele za njano, macho ya rangi ya maji, kidevu kirefu. Nilimwangalia akimwambia mama yake kwenye simu kwamba mvua za vuli zikichelewa asiuze yule ndama, na nilihisi kama mtu aliyekwenda kumpokea ndugu stendi akashuka mgeni. Hata hivyo nilizoea, na nilizoea haraka kuliko ninavyopenda kukumbuka. Baada ya wiki mbili yule wangu mwenye pengo alikuwa ameshafutika, na nilipofumba macho nilimwona huyu wa nywele za njano.

Kitu kingine nilichogundua, kwa kuwa Kiingereza cha sekondari nilikuwa nacho na nilipenda kukaa karibu na spika, ni kwamba Profesa alikuwa anatunga. Sauti ya filamu aliipunguza lakini hakuizima, na chini ya maneno yake niliyasikia ya wenyewe. Hayakukutana. Ntandu hakuwa na mama. Mama yake alikuwa amefariki kabla filamu haijaanza, ilitajwa mara moja tu, na simu zile zote alizopiga alikuwa anawapigia askari. Nilimfuata Profesa jioni moja akifuta vumbi kwenye deki. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamwambia kwa adabu yote niliyoweza kukusanya kwamba pale kwenye daraja, yule mtu hakusema vile. "Najua," alisema. Nikamuuliza anajuaje. "Mwalimu, mimi Kiingereza sikijui. Lakini sura ya mtu aliyefiwa naijua. Yule kijana anaokoa watu miji mitatu, halafu anarudi kwenye chumba kitupu, hakuna hata wa kumpa pole. Filamu nzima nilikuwa namwonea huruma. Nikampa mama." Aliendelea kufuta vumbi. Nilikuwa nimekwenda kumkosoa, nikarudi chumbani kwangu. Nimekutana na wasomi wengi tangu siku ile, baadhi wakiwa na joho, lakini aliyesoma uso wa binadamu kwa makini kama yeye bado namtafuta.

Kisha ukaja mwezi wa Ntandu mpya. Filamu tatu za kwanza zote zilikuwa na yule Mzungu. Ya nne ilipofika kutoka Singida mjini, na picha yake ikabandikwa mlangoni, aliyevaa zile nguo za kijivu za Ntandu na kuweka kiganja chini alikuwa mtu mweusi. Mweusi kama sisi. Watu walisimama mbele ya ile picha hadi ugali ukapoa. Ningependa kuandika kwamba nilifurahi, kwamba nilimtambua papo hapo yule niliyemsikia ukutani. Badala yake nilisema hivi, na nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kusema: "Huyu siye."

Mabishano yalidumu wiki nzima kwenye mabenchi ya Mama Zuhura. Upande mmoja aliongoza Mwalimu Petro, wa jiografia, kijana mwenye suruali iliyonyooshwa hata Jumamosi. Hoja yake haikuwa ya kijinga, na mpaka leo naiheshimu. Alisema shujaa ana mwenyewe aliyemtunga, kwenye vitabu vya picha, na alimtunga mweupe; ukimbadilisha umemdharau mtungaji. "Kesho watengeneze filamu ya mtemi wetu wa zamani wa hapa Unyaturu, aigizwe na Mzungu aliyejipaka masizi. Mtakaa kimya?" Upande wa pili alikuwa Shabani, fundi baiskeli, ambaye alizungumza huku akizungusha gurudumu. "Mtemi alikuwepo kweli, Mwalimu, ana kaburi. Huyu hana kaburi. Miaka yote tunalipa kiingilio kuangalia wao wanaokoa dunia na sisi tunakimbia barabarani tukipiga kelele. Leo mmoja wetu kapewa kazi, wa kwanza kumkataa ni ninyi." "Angepewa kazi yake, ya jina lake." "Jina lake si Ntandu? Wewe, Mzungu gani anaitwa Ntandu?" Watu wakacheka, na Mwalimu Petro naye akacheka, lakini hakukubali.

Halafu mtu mmoja, simkumbuki nani, akasema kile ambacho wengi walikuwa nacho moyoni. "Tatizo anafanana na Hamisi. Mtu anayefanana na Hamisi ataokoa dunia?" Kilikuwa kicheko kikubwa, cha mabenchi yote. Hamisi alikuwa mwendesha mashine ya kusaga, mtu mkimya, mweusi, mabega mapana, na alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi la mwisho akila, kope zake zimejaa unga. Alicheka na wengine. Akainamisha kichwa akaendelea kumega ugali, na nikaona akimega tonge lile lile mara mbili, mara tatu, bila kulipeleka mdomoni. Alipokuwa anacheka, nililiona pengo dogo kwenye meno yake ya mbele. Nilikuwa nakula meza moja na mtu huyu tangu mwaka uanze. Chakula kilinishinda, na Mama Zuhura, ambaye hakuwa na tabia ya kubembeleza, aliniondolea sahani bila kuniuliza.

Mwenye kibanda alikuwa mfanyabiashara wa mjini, mtu mpole na mwenye haraka. Alikuja Alhamisi, akamwita Profesa kando, ila kando ya kibanda ndipo palipokuwa na dirisha langu. "Profesa, wateja wanamtaka Ntandu wao. Huyu mpya mpe jina lingine. Sema ni msaidizi wake, sema Ntandu kasafiri, sema unavyojua. Siku ya mnada ukimwita huyu Ntandu na watu wakatoka, nitamleta yule kijana wa mjini anayetafsiri na muziki." Profesa kazi nyingine hakuwa nayo, shamba lake la alizeti lilikuwa dogo, na kipaza sauti kile alikuwa anakivika soksi safi kila Jumatatu. Akajibu, "Nimekusikia, bosi." Nilibaki nimekaa kitandani, nikijua kwamba amesema amesikia, hakusema amekubali.

Siku ya mnada kibanda kilifurika mpaka watu wakakaa kwenye madebe. Walikuja wachungaji waliokwisha kuuza ng'ombe wao, fimbo zikiegemezwa ukutani, kina mama wa vitunguu, wanafunzi waliovua mashati ya shule. Mlango uliachwa wazi kwa ajili ya joto, na Mama Zuhura akawa ameketi kizingitini na ndoo yake ya maharage ya kuchambua. Kabla filamu haijaanza Mwalimu Petro alisimama. "Profesa, kwa heshima yote. Watu wameingia na ugomvi, bora uishe. Tuambie kweli ya filamu yenyewe. Huyu Ntandu ni wa Issuna? Ana mama?" Profesa akashika kipaza sauti, akakishusha. Mwalimu Petro akanigeukia. "Mwenzangu hapa anakijua Kiingereza. Hukaa karibu na spika. Aseme yeye."

Nilisimama. Ningeweza kudanganya na watu wangefurahi, lakini niliona aibu kumtetea Profesa kwa uongo, kana kwamba alikuwa ameiba. "Kwenye filamu hana mama," nilisema. "Mama yake alikufa zamani. Hata hajui Issuna iko wapi. Huyo mama, vitunguu, ndama, simu, vyote ni vya Profesa." Mlangoni maharage yaliendelea kudondoka ndooni. Nilimwona mwenye kibanda ameegemea ukuta wa nyuma, amekunja mikono, na nikajua nimemmaliza Profesa kwa mdomo wangu mwenyewe. Kwa hiyo niliendelea, kwa hofu zaidi kuliko ushujaa. "Mimi naishi nyuma ya ukuta huu. Miezi miwili nilimsikia Ntandu kabla sijamwona. Sikujua ni Mzungu. Kwangu alikuwa mweusi, mpole, ana mabega ya kubeba magunia. Alikuwa kama Hamisi. Nilipoingia humu ndipo nikambadilisha mimi, nikamfanya mweupe, na juzi nikamkataa. Mwalimu Petro, mtungaji wa vitabu simjui. Huyu tunayempenda hapa katungwa na Profesa, sasa mwulizeni yeye ni wa rangi gani." Nikakaa. Sikuthubutu kugeuka nyuma kumtazama Hamisi.

Profesa hakutoa hotuba. Aliwasha deki. Kwenye kioo yule mtu mweusi alitokea akitembea juu ya daraja, mvua ikimnyeshea, akasimama, akatoa simu mfukoni. Mimi nilikuwa karibu na spika na nilisikia: alikuwa anawaambia askari wafunge daraja. Profesa akasema kwa ile sauti ya Ntandu, ile ile ya miaka yote, "Haloo, mama. Ni mimi. Huku mjini watu wananiangalia wanasema siye. Wewe je? Unanijua?" Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla. Aliinuka, akavuta waya mpaka mlangoni, akamwekea Mama Zuhura kipaza sauti mbele ya mdomo.

Mama Zuhura alikitazama kile kipaza sauti na soksi yake, akaitazama mikono yake yenye vumbi la maharage. Akainua macho kwenye kioo, akamkagua yule mtu kwa utulivu, kama alivyokagua kila mteja kabla ya kumkopesha ugali. Kibanda kizima kiligeuza shingo. Hakusema namjua, hakusema simjui. Aliuliza kwa Kinyaturu lile swali ambalo kila mtoto wa pande zile hulikuta mlangoni akirudi, awe ametoka kuchunga au ametoka gerezani: "Umekula?"

Sijawahi kusikia tena kelele za namna ile. Wachungaji walipiga fimbo chini, wanafunzi walisimama juu ya mabenchi, Shabani alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja. Mwalimu Petro alitikisa kichwa akasema, "Hii siyo hoja," huku akipiga makofi. Mwenye kibanda alishakunjua mikono. Na Hamisi, nilipogeuka mwishowe, alikuwa ameketi wima na uso umeloa, akiangalia kioo bila kupepesa, unga ukimshuka mashavuni kwa mistari miwili. Filamu iliendelea, Profesa akarudi kwenye kiti chake, na kuanzia saa ile hadi mwisho hakuna mtu aliyetoka. Kijana wa mjini anayetafsiri na muziki hakuletwa. Profesa alishika kipaza sauti kile mpaka simu za mkononi zilipokuja kuwachukua watazamaji mmoja mmoja, na alipofungiwa kibanda alirudi Issuna kulima alizeti, bila kulalamika mbele yangu.

Nilimheshimu kuliko nilivyomwambia. Mahakamani kila siku nakaa kati ya mtu na maneno yake, na kila siku namkumbuka aliyeona upweke wa mtu ambaye hata lugha yake hakuielewa. Mimi siruhusiwi kumpa mtu mama. Najua kwa nini, na sheria ile naiamini kabisa. Ila zipo siku shahidi anasimama pale peke yake, na ningetoa mshahara wa mwezi niruhusiwe neno moja la ziada.

Hapo msibani, sahani zilipokusanywa, mzee mmoja alinijia kwa mkongojo. Kichwa chake kilikuwa cheupe na safari hii haikuwa unga. "Shikamoo, mzee Hamisi," nilisema, na alipoitikia nililiona lile pengo, sasa limepata wenzake wengi. Mama Zuhura alishatangulia miaka mingi, Profesa ndiyo hivyo tumemzika. Hakuna aliyebaki wa kumuuliza ila mimi. Alikaa kwenye ukingo wa mkeka, akasubiri ubishi wa kina Mwalimu Petro upande wa pili utulie kidogo. "Mwalimu," akasema, "wewe ulikuwa karibu na spika. Siku nyingi nataka kukuuliza. Yule mweusi, pale darajani, alivyoulizwa vile na mama. Kwenye filamu yenyewe, alijibu nini?"

Upepo ulikuwa unalivuta turubai. Nilimtazama yule mzee, nikawakumbuka askari walioambiwa wafunge daraja, nikakumbuka tonge lile lililomegwa mara tatu.

"Alisema ameshakula, mama asiwe na wasiwasi."

Hamisi aliitikia kwa kichwa, polepole. "Nilijua," alisema.